Mwalimu, pigania kitambulisho kwanza, kura itafuata

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni kaunti ya Kilifi na ndio mlezi wa klabu ya uraia. Nina wanafunzi kama sitini wa kidato cha tatu na cha nne, wengine washafika miaka 18 na wengine watafika kabla ya uchaguzi wa 2027. Nataka wajiandikishe kupiga kura kabla hawajamaliza shule manake wakishatawanyika siwapati tena. Mkuu wa shule anaogopa ataambiwa analeta siasa shuleni. Baadhi yao wana kile kikaratasi cha kusubiria kitambulisho, wengi hawana chochote, na kuna mmoja analelewa na nyanyake, mama alifariki na baba hajulikani alipo. Wametoka kila mahali, Kwale, Tana River, Taita, hata Nairobi. Sasa kuna bwana anataka kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi hii kwenye bunge la kaunti, amesema atatoa basi na chakula cha mchana tuwapeleke wote ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, siku moja. Nikubali? Na si ingekuwa rahisi zaidi kuwaita IEBC waje hapa shuleni wamalize kila kitu?"*

Nikikusoma vizuri Mwalimu, unachoogopa ni watoto kutawanyika. Wakishamaliza mtihani kila mmoja anashika njia yake, huyu kwa mjombake Mtwapa, yule Nairobi kutafuta kibarua, na wewe unaona hapo shuleni ndo mahali pekee wako wote pamoja kwa hivyo bora mambo yaishe hapohapo. Nakuelewa kabisa. Lakini hizi ni kazi mbili na wewe umezifunga kama moja. Kitambulisho, hicho pigana wakipate wakiwa shuleni. Kura, hiyo wengi wao waache wakajiandikishe kwao nyumbani wakati wa likizo. Ngoja nikueleze kwa nini, alafu tutakuja kwa hilo basi, manake hilo basi nalo lina mambo yake.

Tuanze na kile kikaratasi cha kusubiria, waiting card kama tunavyoita mtaani. Hakiandikishi mtu kura. Sheria ya uchaguzi ya 2011 inataka kitambulisho cha taifa chenyewe au pasipoti ya Kenya, basi. Najua kuna watoto wamekaa nacho miezi mfukoni wakidhani mambo yao yashaisha, na wengine kitambulisho chao kilishatoka zamani kiko kwa droo ya ofisi ya usajili wa watu kinangoja mwenyewe. Hili linatokea sana kuliko unavyofikiria, maelfu ya vitambulisho nchi hii vimelala maofisini havijachukuliwa. Kwa hivyo wale wenye hicho kikaratasi ndio wa kushughulikia kwanza, manake kwao pengine ni safari moja tu ya kwenda kuuliza. Na kitambulisho kinarudi kuchukuliwa pale mtu alipoombea. Kama mtoto aliombea Voi likizo ya Aprili, usimpeleke ofisi ya Kilifi kukiulizia, haitasaidia kitu, kiko Voi.

Kitu cha pili, hakuna kujiandikisha mtandaoni. Wanafunzi wako watakuuliza linki iko wapi, hakuna linki. Mtu lazima afike mwenyewe apigwe picha na alama za vidole zichukuliwe, ndivyo ilivyo tangu mashine za BVR, zile za kumsajili mpiga kura kwa vidole na picha, zilipoingia kwa ajili ya uchaguzi wa 2013. Na hakuna kujiandikisha kabla ya miaka 18 ati jina likae likingoja. Wengine wameona video za Marekani, kule jimbo kama California kijana wa miaka 16 anaweza kujisajili mapema alafu akifika 18 anaingia kwa daftari mwenyewe bila kurudi tena, na wanadhani hata huku iko. Huku haiko. Hapa kwetu miaka 18 ndio mlango wa kitambulisho, na kitambulisho ndio mlango wa kura, huwezi kuruka mmoja ukaingia mwingine.

Sasa hapo ndo kalenda inaanza kuuma. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Sheria inasema usajili ni wa kuendelea mwaka mzima lakini unafungwa siku 60 kabla ya uchaguzi, ukihesabu kurudi nyuma unaangukia 11 Juni 2027. Chukua mwanafunzi aliyezaliwa Julai 2009. Siku ya kura atakuwa mtu mzima kamili, ana miaka 18 na siku kadhaa, lakini hatapiga, manake siku daftari linafungwa yeye bado ni mtoto kisheria. Inauma lakini bora aambiwe mapema kuliko aje apangishwe foleni arudishwe. Aliyezaliwa Mei 2009 kwa karatasi ana nafasi, kwa ukweli ana bahati nasibu, manake ndani ya wiki chache aombe kitambulisho, kichapishwe Nairobi, kirudi, akichukue, aende IEBC. Mimi ningechora mstari wangu mwenyewe hivi: aliyefika 18 kabla ya Desemba 2026 awe amemaliza kila kitu likizo ya Desemba, na anayefika Januari mpaka Machi 2027 amalize likizo ya Aprili. Wa baada ya hapo jaribu nao lakini usiwaahidi.

Alafu kuna kusimamishwa usajili kwa sababu zingine pia. Pakitokea uchaguzi mdogo, usajili eneo hilo unasimama kuanzia kiti kinapotangazwa wazi hadi kura ipigwe. Wewe uko Kilifi utakumbuka Magarini 2025, usajili ulipofunguliwa tena nchi nzima tarehe 29 Septemba wao walikuwa wanangoja uchaguzi wao wa ubunge wa 27 Novemba. Kwa hivyo mtu akikwambia kuna muda mwingi, muda upo lakini sio wako wewe kuupanga.

Haya, kazi yenyewe. Orodha unayohitaji tayari shule yako inayo. Kila mwanafunzi aliyesajiliwa kwa mfumo wa wizara ana tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti cha kuzaliwa mle ndani. Mwombe mkuu akuruhusu kuona tarehe tu, sio kila kitu, uandike majina kwa mpangilio wa nani anafika 18 lini. Hiyo inakuchukua jioni moja na ndo itakuonyesha kazi yako ni ya watu wangapi kweli, manake mara nyingi mwalimu anasema sitini kumbe waliofika ni ishirini na tano na wengine wanafuata mwezi kwa mwezi. Na ukishaona tarehe ya mtoto usikubali mtu akushawishi kuisogeza. Najua kuna watoto walipunguzwa miaka wakati wa kuingia shule, lakini cheti ndicho kinachosema, na kutoa habari za uongo ili mtu aingie kwa daftari ni kosa la jinai, wewe na yeye mtaingia pamoja.

Ukishapata hesabu, andikia ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yako, umwombe msajili alete usajili wa kuzunguka hapo shuleni. Sio ombi la ajabu, wanafanya hivyo mashuleni kila mara na wao wenyewe wanapenda manake wanapata watu wengi mahali pamoja. Watakuuliza idadi, kwa hivyo ile orodha yako inafanya kazi hapa. Ikiwezekana peleka barua kwa mkono, barua pepe inaweza kukaa. Na hakikisha chifu amejulishwa, manake fomu zinapitia kwake na asipokuwepo siku hiyo mtapiga picha na kurudi darasani bure.

Wanafunzi waje na nini? Nakala ya cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Hiyo ndio inawashinda wengi wa bweni, karatasi ziko nyumbani. Kwa hivyo likizo ijayo kabla hawajatoka getini mpe kila aliye kwenye orodha kikaratasi cha kumkumbusha mzazi, na tuma pia ujumbe kwa grupu la wazazi, manake kikaratasi cha mwanafunzi tunajua kinaishia wapi. Mambo ya ada uliza ofisi mapema kabla hujamwambia mtoto abebe pesa. Tangu 2023 wamepandisha, wakashusha, wakasamehe, na hapo katikati ndo watu wajanja wanapojipatia shilingi mia tano za bure kutoka kwa watoto wa watu.

Nikuelezee kidogo kinachoendelea huko ndani ndio usiwe na wasiwasi kikichelewa. Alama za vidole za mwombaji zinapelekwa Nairobi zinalinganishwa na zile zilizoko tayari, kuhakikisha huyu mtu hajawahi kupewa kitambulisho kwa jina lingine. Zikipita ndo kadi inachapishwa, siku hizi ni ile Maisha Card, na inarudi ofisi iliyoomba. Kinachokwamisha mara nyingi ni vidole vilivyochukuliwa vibaya au jina lisilolingana. Mtoto kwenye cheti ni Mwanaisha, kwenye rekodi za shule Mwanaesha, mama kwenye kitambulisho chake ana jina la ndoa. Haya yarekebishe kabla ya siku ya usajili, na sio kwa ajili ya kura peke yake, hata cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kitamsumbua maisha yake yote kama majina hayasemi kitu kimoja.

Sasa yule anayelelewa na nyanyake. Huyu usimwache aende peke yake, kabisa. Watu wengi, hata wengine walioko ofisini, wana imani kwamba bila kitambulisho cha baba mtu hapati. Katiba kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa kama siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia. Mama AU baba. Kwa hivyo mamake anatosha, hata kama ni marehemu, na swali linakuwa tu la kuonyesha kwamba huyu ni mtoto wa yule. Mtafutieni cheti cha kifo cha mama, nakala ya kitambulisho cha mama ikiwa ipo popote, hata namba yake tu kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, kitambulisho cha nyanya, na kama kuna mjomba au khalati mwenye kitambulisho aje naye. Barua ya chifu wa anapoishi nyanya. Alafu waende na nyanya mwenyewe mpaka kwa msajili wa kaunti ndogo, wasingoje ile siku ya shule manake kesi kama hii inataka mtu akae chini asikilize, haifai foleni ya watu sitini. Akikataliwa, aombe aambiwe sababu, na hapo ndo utafute msaada wa sheria, kuna mawakili wa haki za uraia hapa Pwani wanaozishika kesi hizi bila malipo na wana mazoea nazo. Tumeona jamii nzima zikihangaika miaka na karatasi hizi, Wamakonde mpaka wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 ndio wakatambuliwa, na Wapemba wakafuata 2023. Kwa hivyo kama kati ya wale wa Kwale unaye mtoto wa Kimakonde au Kipemba uliza kwa upole nyumbani wana karatasi gani, usifikirie tu kwamba iko sawa. Na wale wa Tana River, kama familia imetoka kwa yale mafoleni ya vetingi ya mpakani, wajue Rais alitia saini Wajir Februari 2025 kuondoa ule utaratibu wa kuwachuja watu wa mipakani peke yao. Wasikubali kurudishwa kwa sababu hiyo.

Kitambulisho kikishapatikana tunakuja kwa kura, na swali ni wapi. Katiba inasema raia anaandikwa kituo kimoja tu. Na siku ya kura utapiga kituo hicho hicho ulichoandikwa, hakuna cha mimi niko Mombasa leo nitapigia Mombasa. Kwa hivyo unapomwandikisha mwanafunzi hapo karibu na shule, jiulize 10 Agosti 2027 mwili wake utakuwa wapi. Wa kidato cha nne mwaka huu wa 2026 watakuwa washamaliza zamani. Wa kidato cha tatu watakuwa kidato cha nne, wale wa mwisho kabisa wa mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4, lakini madarasa yao yatakuwa vituo vya kupigia kura, na 2022 shule zilifungwa mwanzoni mwa Agosti watoto wakarudishwa makwao kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa Taita umemwandikisha Kilifi, siku ya kura yuko Wundanyi, nauli ya kuja kupiga kura na kurudi nani atampa? Hatakuja. Jina litakaa kwa daftari na kura haipo.

Na tusidanganyane, nafasi ile ya kuwachagua MCA na mbunge ndo inayomgusa huyu kijana kwa haraka zaidi. Basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, anaipata eneo bunge la kwao. Sasa akimchagua mbunge wa hapo shuleni alafu aende kuomba basari Taita, ameshamwachia mwingine amchagulie.

Kwa hivyo walioko mbali wajiandikishe likizo, ofisi ya IEBC ya eneo bunge la kwao. Ziko 290 nchi nzima, moja kila eneo bunge, na vituo vya Huduma pia vimekuwa vikitumika. Wale ambao kwao ni hapohapo wadini, hao wanaweza kuandikishwa hapo bila shida yoyote. Na anayejua kabisa kwamba akimaliza anahamia Mombasa kwa dadake aangalie mwenyewe, ana haki ya kuchagua, na baadaye akihama kweli kuna kuhamisha kituo, ila ombi la kuhamisha mwisho wake ni siku 90 kabla, yaani 12 Mei 2027, na watu wengi hawalijui hilo wanakuja Juni wakiwa wamechelewa mwezi mzima. Kosa ambalo vijana wanafanya bila kujua ni kujiandikisha upya badala ya kuhamisha. Hapana, kujiandikisha mara mbili ni kosa kisheria, na mashine inawakamata kwa vidole.

Kuwaita IEBC shuleni? Unaweza kuomba, andikia ofisi yao ya eneo bunge, na wakati wa usajili wa halaiki mashine zinashuka hadi wadini kwa hivyo inaweza kuwa rahisi. Lakini kwa shule yako yenye watoto wa kaunti tano mimi ningewaita waje kufundisha, wana maafisa wa elimu ya mpiga kura, waje waonyeshe mashine, wajibu maswali, alafu waandikishe wale wa hapo tu. Ukiwaachia waandikishe kila mtu utapata namba nzuri ya kupeleka kwa mkuu na nusu ya hizo kura hazitapigwa.

Basi sasa. Usikubali. Na sisemi huyo bwana ni mtu mbaya, pengine kweli ana moyo. Lakini angalia amekuahidi nini: kuwabeba wanafunzi wote, wa kila kaunti, kwenda kuandikwa katika eneo anakogombea yeye, kwa chakula chake. Kusomba watu kutoka nje kuwaandikisha wadi ya mgombea ni mchezo mkongwe nchi hii, kila msimu upo, na wadi zinashindwaga kwa kura chache tu kwa hivyo watu sitini sio mchezo. Wapinzani wake wakisikia, na watasikia kabla basi halijafika barabarani, mkuu wako ndo ataitwa kujieleza. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 ina hongo mle ndani na ina sehemu ya watumishi wa umma kujiingiza kwa siasa, na mwalimu aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, ni mtumishi wa umma. Hutaki jina lako lisomwe karibu na hizo sehemu mbili. Mwambie kwa heshima, asante mheshimiwa, shule imeamua iende yenyewe. Kama ni usafiri wa wale wachache wa karibu, chama cha wazazi kinaweza kuchangia au mwende na basi la shule, au watembee, vijana hawa kwa mechi wanatembea hadi wapi.

Hilo pia ndo jibu la hofu ya mkuu. Ana haki ya kuogopa siasa lakini kuandikisha raia sio siasa, ni kazi ambayo katiba kifungu cha 88 imeipa IEBC na kifungu cha 38 kimempa kila mtu mzima haki yake. Siasa inaingia pale mwalimu anapotaja jina la mtu au chama, au mgombea anapoonekana getini. Mwandikie mkuu ukurasa mmoja: shughuli ni nini, nani anakuja, hakuna mwanasiasa, hakuna fulana wala kofia, hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa. Hiyo ya kulazimisha isisitize, manake kujiandikisha ni haki sio adhabu ya asubuhi gwarideni, na kijana akisema hataki muache. Na usikusanye vitambulisho vyao uviweke kwa droo yako ati visipotee, wala usitembee na orodha ya namba za vitambulisho. Unakumbuka Juni 2021 Wakenya walipoingia kwa mtandao wa msajili wa vyama wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia? Namba zao zilitoka mahali. Zisitoke kwako.

Siku yenyewe ya kuandikwa ni kitu kidogo sana, dakika chache. Karani anaangalia kitambulisho, anajaza fomu, vidole vinachukuliwa, picha, basi unapewa risiti. Lakini asiondoke mezani kabla hajasoma jina lake herufi kwa herufi, namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, na jina la kituo cha kura. Kituo hasa. Kuna majina yanafanana, shule ya msingi hii na ile, mtu anakuja kugundua siku ya kura. Na akumbuke hati aliyotumia kujiandikisha ndio atakayopigia kura, kwa hivyo aliyetumia pasipoti aje na pasipoti.

Watakuuliza kuhusu macho. Mashine za 2025 zilianza kuchukua pia mboni ya jicho, na vijana wakasema hii ni ile Worldcoin imerudi. Nawaelewa, 2023 watu walipanga foleni pale jumba la mikutano la KICC Nairobi wakaskaniwa macho kwa ahadi ya pesa, serikali ikasimamisha Agosti, na 2025 mahakama kuu ikaamuru data ifutwe. Lakini ile ilikuwa kampuni binafsi, hii ni tume ya uchaguzi, na IEBC wenyewe walisema jicho ni hiari. Asiyetaka aseme tu hataki, vidole na picha vinatosha.

Alafu kuna yule atakaesimama nyuma ya darasa aseme kura haina maana, waliandamana Juni 2024 ndo mswada wa fedha ukarudishwa, kura ilifanya nini. Usimkatize huyo, mara nyingi ndiye anayefuatilia mambo kuliko wote. Mwonyeshe namba tu. Daftari la 2022 lilikuwa na watu 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40, wamepungua kuliko 2017, wakati ndio wengi mtaani. Tofauti ya wagombea wawili wa kwanza wa urais ilikuwa kura kama 233,000. Awe anampenda nani hilo halikuhusu, afanye hesabu mwenyewe.

Mwisho, wapi uende kwa miguu yako badala ya kuniandikia mimi. Kitambulisho kikipita miezi miwili hakijarudi, nenda kwa msajili na ile namba ya kikaratasi, usipige simu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa, huyo ni ofisi ya usajili wa raia kwanza, cheti cha kuchelewa kinataka ushahidi kama kadi ya kliniki au ya ubatizo na kinachukua muda, anza naye wiki hii. Jina likikosekana au likiwa na kosa baada ya kujiandikisha, ofisi ya IEBC ya eneo bunge aliloandikwa, na 2022 watu waliweza kujihakiki kwa kutuma ujumbe 70000 kwa hivyo wafundishe kuangalia wenyewe likifunguliwa daftari kukaguliwa. Na mtu yeyote akiwaomba pesa ili jina liingie, au akitaka kununua kitambulisho cha mwanafunzi hata kwa elfu mbili, hiyo sio ya kumaliza kimyakimya kwa ofisi ya mkuu, ni ya polisi na IEBC. Na nyanya wa yule mtoto mpeleke wewe mwenyewe kama unaweza, wazee wakienda peke yao ofisi zile wanaambiwa waje kesho.